Kichwa Kiumacho kwa Sababu ya Shingo

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya mwili na nafsi haijayamaliza limo hili: je, mtu anaweza kukosea kuhusu maumivu yake mwenyewe? Kwamba anaumwa, hakuna wa kumbishia. Lakini anapotaja anaumwa wapi, je, kauli hiyo nayo haipingiki? Maumivu ya kichwa yatokanayo na shingo, ambayo tabibu wa Norway, Ottar Sjaastad, na wenzake waliyapa jina la pekee mwaka 1983, hulifanya swali hilo liwe zito, kwa kuwa mgonjwa hushika paji la uso au jicho, ilhali chanzo kimo katika viungo vya pingili za juu za shingo.

Njia ya jambo hilo inafahamika. Neva tatu za kwanza za shingo hukutana na neva ya trijemina, yaani ile inayopeleka hisi za uso na paji, katika fungu moja la seli lililo sehemu ya juu ya ugwemgongo, nao ubongo, ukipokea taarifa kutoka hapo, huweza kuihesabu kuwa imetoka usoni.

Mwanafalsafa Descartes aliligusa tatizo la namna hii katika Tafakuri ya Sita, mwaka 1641, alipoeleza kwamba neva itokayo mguuni ikivutwa mahali popote njiani, nafsi husikia maumivu mguuni ingawa mguu haukuguswa. Akahitimisha kwamba maumbile ya binadamu, akiwa nafsi na mwili pamoja, hayana budi kumdanganya mara nyingine. Hukumu hiyo ni kali kupita kiasi. Paji la mgonjwa linauma kweli, na kilicho na kosa ni dhana, ambayo si lazima awe nayo, kwamba mahali pa maumivu na mahali pa chanzo ni pamoja.

Mtaalamu wa fiziotherapia ya mikono, yaani tiba ya kupima na kusogeza viungo kwa mkono, hufanya kazi katikati ya mahali hapo pawili. Humlaza mgonjwa chali, humwinamisha shingo mpaka mwisho, kisha hugeuza kichwa kulia na kushoto ili mzunguko ubaki zaidi kati ya pingili ya kwanza na ya pili, aone ni upande upi uliokaza. Halafu hubonyeza kiungo polepole na kuuliza kama maumivu yanayoamka ni yale yale ya siku zote. Vidole vyake havisikii maumivu, na mgonjwa hakijui kiungo, hivyo ujuzi unaopatikana si wa mmoja wao peke yake.

Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2002, likiwa na wagonjwa 200, lilionyesha kwamba tiba hiyo, na vilevile mazoezi ya misuli ya shingo, hupunguza maumivu haya, na nafuu hudumu hadi miezi 12. Hata hivyo nafuu haithibitishi chanzo, maana mguso wenyewe waweza kutuliza maumivu ya asili nyingine. Ndiyo sababu ushahidi wa dawa ya ganzi, inayochomwa kwenye kiungo au neva inayoshukiwa, hupewa uzito zaidi. Kichwa kikiacha kuuma baada ya sindano hiyo, imedhihirika kwamba bila taarifa ya shingoni maumivu hayawi, lakini haijadhihirika kwamba yalikuwa shingoni, na tabibu anayemwambia mgonjwa kuwa paji lake halikuuma kweli amechanganya mambo hayo mawili.