Kamera ya DSLR katika Siku ya Mapumziko

Mzazi anayefunga mizigo kwa ajili ya siku moja Disneyland na kusita mbele ya kamera yake ya DSLR ana maswali mawili mkononi. La kwanza ni la mzigo, usalama wa kifaa na ubora wa picha. La pili lina umri mkubwa kuliko kamera zote: je, siku iliyotengwa kwa ajili ya kupumzika na kufurahi inafaa kufanyiwa kazi, hata kama kazi yenyewe inafanywa kwa upendo?

Swali la mzigo hujibika kwa mizani. Canon EOS 5D Mark IV yenye betri na kadi ina gramu 890. Lenzi yake ya mm 24–70 yenye tundu la f/2.8, toleo la pili, ina gramu 805. Hiyo ni karibu kilo 1.7 shingoni tangu lango linapofunguliwa asubuhi hadi fataki za usiku. Treni za kasi zinazopanda na kuporomoka haziruhusu kitu kinachoning'inia, na mashua za mitoni hulowesha abiria na kila walichobeba. Upande wa pili wa mizani upo mwanga. Sensa kamili ya mm 36 kwa 24 hukusanya mwanga mwingi kuliko sensa ya simu, na tofauti hiyo huonekana gizani. Pirates of the Caribbean, safari ya mashua iliyofunguliwa Disneyland mwaka 1967, hupita ndani ya jengo lenye giza, na flashi hairuhusiwi humo. Lenzi ya f/1.8 kwenye kamera ya aina hiyo huweza kuuona uso wa mtoto kwa mwanga wa taa za mandhari tu. Mchana wa jua, simu nzuri inatosha kwa albamu ya familia, na ubishi wa wapenda vifaa juu ya jambo hilo hauna uzito mkubwa.

Kabla ya kufika kwenye swali la pili, inafaa kupatazama mahali penyewe. Disneyland ilifunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, na wengi wa waliobuni majengo yake walitoka katika studio za filamu. Walijenga kwa jicho la kamera. Kasri la Sleeping Beauty lina urefu wa mita 23 hivi, lakini mawe yake yanazidi kuwa madogo kadiri yanavyopanda, ili mtazamaji aliye chini alione kuwa refu zaidi. Ghorofa za juu za maduka ya Main Street zimepunguzwa kwa hila hiyohiyo. Kampuni ya Kodak ilikuwa na duka lake humo tangu mwaka wa kwanza, na kwa miongo mingi vibao vyake katika bustani za Disney viliwaonyesha wageni mahali pa kusimama ili wapate picha nzuri. Kwa hiyo anayelipiga picha kasri anapiga picha ya picha. Kazi ya kupanga mandhari ilishafanywa na watu wenye ujuzi mkubwa, na matokeo yake yamekwisha kuchapishwa mamilioni ya mara.

Mwanafalsafa wa Ufaransa Jean Baudrillard, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu mifano na maigizo ya uhalisi, aliona Disneyland kuwa bandia inayotumika kuwaaminisha watu kwamba Marekani iliyo nje ya ukuta wake ni halisi. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inampita mtu aliyekaa ndani ya mashua. Woga wa mtoto wa miaka minne gizani si bandia, wala mkono wake unaomshika mama si maigizo. Kama kuna kitu cha kupigwa picha katika bustani hiyo, ni watu waliokuja pamoja. Kasri linaweza kuachwa.

Na hapo ndipo swali la kazi linapoanza kuuma. Susan Sontag, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu upigaji picha, aliona kwamba watalii wanaotoka katika jamii za kuchapa kazi hupata nafuu wanaposhika kamera, kwa sababu mapumziko huwatia wasiwasi nayo kamera huwapa kitu kinachofanana na kazi. DSLR inazidisha jambo hilo. Simu hutolewa mfukoni na kurudishwa. Kamera hii inadai mtu achague tundu, kasi na ISO, abadilishe lenzi, atafute pembe, awasubirishe wenzake. Ana kazi, na siku nzima anaifikiria.

Dini zimelishughulikia suala hili kwa kina kuliko vitabu vya upigaji picha. Sheria ya Kiyahudi inaorodhesha aina 39 za kazi zilizokatazwa siku ya Sabato, na kipimo chake kikuu si jasho. Kuhamisha viti vizito ndani ya nyumba si lazima kuwe kosa. Kuandika herufi mbili ni kosa. Kinachosimamishwa ni kuunda, yaani mkono wa binadamu kuongeza kitu kipya duniani, ili kwa siku moja ulimwengu upokelewe jinsi ulivyo. Wayahudi wanaoshika sheria hiyo hawapigi picha siku ya Sabato wala katika siku kuu za mwaka. Matokeo yake ni ya kushangaza: meza ya Ijumaa usiku na mlo wa kwanza wa Pasaka, ambazo ni saa zenye uzito kuliko zote katika maisha ya familia hizo, hazimo katika albamu zao. Hakuna anayeona kwamba saa hizo zimepotea. Zimehifadhiwa kwa kurudiwa, wiki kwa wiki na mwaka kwa mwaka.

Siku ya Disneyland haina kinga hiyo. Kwa familia nyingi haitarudi, maana tiketi na safari vimegharimu akiba ya muda mrefu, na mtoto hatakuwa na umri huo tena. Mtu asiye na uhakika wa kurudia ana sababu ya haki ya kutaka kuhifadhi. Wanaowadharau wapiga picha wa familia husahau jambo hili.

Mfano wa karibu zaidi na hali ya mpigaji picha umo katika Injili ya Luka, sura ya 10. Martha na Mariamu wanampokea mgeni nyumbani. Mariamu anaketi na kusikiliza. Martha anahangaika na huduma, kisha analalamika kuwa ameachwa peke yake. Mgeni anamsifu Mariamu. Simulizi hiyo mara nyingi husomwa kana kwamba huduma ni kitu duni, usomaji ambao hauwatendei haki wote waliowahi kusimama jikoni ili wengine wale. Kosa la Martha limo katika mahangaiko yake, na katika kudai kwamba dada yake naye aache kuketi. Mzazi mwenye kamera hulifikia kosa hilohilo pale anapomwamuru mtoto arudie kucheka, au anapoizuia familia kuingia kwenye foleni kwa sababu mwanga bado haujakaa sawa.

Muundo wa DSLR unaonyesha jambo hili kimwili. Ndani yake kuna kioo kilichoinama nyuzi 45, kinachopeleka mwanga wa lenzi juu hadi kwenye kitazamio. Kidole kinapobonyeza, kioo hukunjuka kwenda juu ili mwanga uifikie sensa, na kwa sehemu ndogo ya sekunde kitazamio huwa cheusi kabisa. Mpigaji huona kabla na huona baada. Tukio lenyewe lililonaswa, kupitia kitazamio hicho, hakuliona. Kamera zisizo na kioo zinaelekea kuiondoa hali hiyo, lakini kwa DSLR ni sharti la ufundi. Kila picha inayotoka humo ni sehemu ya siku ambayo mpigaji aliwaachia wengine. Kwa picha moja hasara hiyo haihesabiki. Kwa siku nzima, jicho likiwa limebanwa kwenye kitazamio na nusu ya uso imefichwa, wenzake nao wanakuwa wamemkosa.

Je, anachokosa kinamrudia kwa njia ya kumbukumbu? Platoni, katika mazungumzo yaitwayo Phaedrus, anasimulia mungu wa Misri aliyemletea mfalme uvumbuzi wa maandishi, na mfalme akahofia kwamba watu wakitegemea alama za nje watasahau kwa ndani. Saikolojia ya sasa imelipima jambo hilo kwa kamera. Mwaka 2014 Linda Henkel alichapisha utafiti ambamo watu walizungushwa katika jumba la makumbusho wakielekezwa vitu vya kupiga picha na vitu vya kutazama tu. Vile walivyovipiga picha walivikumbuka vibaya zaidi, isipokuwa pale walipovuta lenzi karibu na kupiga sehemu moja ya kitu. Mwaka 2017 Alixandra Barasch na wenzake waliwaachia washiriki wachague wenyewe cha kupiga. Hao walikumbuka vizuri zaidi walichokiona, na vibaya zaidi walichokisikia. Timu hiyo ilikuwa imeonyesha mwaka 2016 kwamba kupiga picha huweza kuongeza furaha ya tukio kwa sababu humfanya mtu atazame kwa makini, lakini faida hiyo hutoweka pale kifaa kinapoingilia tukio lenyewe. DSLR ndani ya umati, mkononi mwa mtu anayesukuma pia kigari cha mtoto, iko karibu sana na mpaka huo. Hata hivyo hoja ya kumbukumbu haimalizi shauri. Anayebeba kamera kwa ajili ya familia hatafuti kumbukumbu yake mwenyewe kwanza.

Pierre Bourdieu na wenzake, katika utafiti wao uliochapishwa Ufaransa mwaka 1965, walionyesha kwamba nyumba zenye watoto ndizo zilizokuwa na kamera kwa wingi zaidi, na kwamba picha zilitumika kuuthibitisha umoja wa familia mbele ya macho yake yenyewe. Albamu za namna hiyo zina pengo linalojulikana: baba au mama aliyezipiga haonekani. Miaka ishirini baadaye mtoto huiona siku yake kamili, akamkosa mmoja aliyekuwapo wakati wote.

Roland Barthes ametoa ushahidi mzito kwa upande wa huduma. Katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka 1980, alieleza alivyozipekua picha za mama yake aliyefariki, asimwone katika yoyote, hadi alipofika kwenye ile aliyopigwa mwaka 1898 akiwa na umri wa miaka mitano. Hakuichapisha picha hiyo kitabuni, kwa kuwa kwa wasomaji ingekuwa picha ya kawaida tu. Aliyeipiga alikuwa fundi asiyejulikana wa mji mdogo, ambaye hakuwa na njia ya kujua alikuwa akimhudumia nani.

Kinachoamua, basi, ni nia. Wanazuoni wa Kiislamu wanalipa suala hilo nafasi ya mbele kiasi kwamba Bukhari alikifungua kitabu chake kwa hadithi inayohusu nia za matendo. Kamera moja, mahali pamoja, huweza kubebwa kwa ajili ya bibi aliyeshindwa kusafiri, au kwa ajili ya watu wasiowajua watoto hao ila wanaotarajiwa kusifu picha. Nia ya pili humfanya mtoto kuwa mapambo, na mzazi anayeigundua moyoni mwake aiache kamera hotelini.

Kwa nia ya kwanza, umri wa wanaokwenda una uzito wa pekee. Watu wazima wengi hawakumbuki chochote cha kabla ya umri wa miaka mitatu hivi, kwa hiyo mtoto wa miaka miwili hana njia nyingine ya kuipata siku hiyo baadaye ila kwa picha na masimulizi ya waliomleta. Kwake DSLR inastahili gramu zake zote. Mtoto wa miaka kumi atakumbuka mwenyewe, na anachotaka ni mtu wa kukaa naye kwenye kiti cha mbele cha treni. Kwake kamera ni mshindani. Familia yenye wote wawili italazimika kuigawa siku: saa za asubuhi kwa kamera, ikiwa na lenzi moja nyepesi ya mm 35, kisha makabati ya kukodi yaliyo karibu na lango. Kabla ya kuifungia humo, kamera iwekwe kwenye mfumo wa kujiendesha na apewe yule mkubwa, ili aliyeishika tangu asubuhi apigwe picha naye akiwa na wengine.

Kazi hiyo haiishii langoni. Picha mia kadhaa zinahitaji kuchaguliwa, nyingi zifutwe, chache zichapishwe na kupelekwa kwa waliokusudiwa. Anayejua kwamba hatapata muda huo, na kwamba kadi itakaa droo moja na chaja za zamani, aende na simu.