Cheo cha Askari na Haki ya Kusikizwa

Amma baad. Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa cheo ni amana. Askari wa Bukoba au Muleba atakaye ukoplo hupita kwanza mafunzoni, kama yale ya Shule ya Polisi ya Moshi. Basi mlango humfungikia huku huku kwao, jina lake liachwapo katika orodha. Kuachwa peke yake si dhuluma, maana nafasi ni chache. Dhuluma ni kuachwa kwa neno la siri, asilolisikia wala kulijibu. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Sayyidna Ali Yemen kuwa kadhi, alimkataza kumhukumia mgomvi wa kwanza kabla ya kumsikiliza wa pili. Watasema: askari huyu hana mgomvi. Anaye: ni karatasi iliyomsema vibaya, nayo imekwisha sikizwa.