Uhasibu au utawala: mshahara wa kuanzia usitudanganye

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, wazazi hunipigia simu na swali lilelile: kijana asome uhasibu au utawala? Mara nyingi anayeuliza ameshajijibu. Uhasibu una hela, utawala ni wa waliokosa nafasi kwingine. Jibu hilo linaniuma, maana tunawapeleka watoto vyuoni bila kujua watakachokikuta kazini.

Katika serikali ya Tanzania, mhasibu daraja la pili mwenye shahada na afisa tawala wa daraja hilohilo huanzia ngazi moja ya mshahara, TGS D. Makato yao yanafanana: kodi, hifadhi ya jamii, bima ya afya, na kwa aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Huenda hata walisoma pamoja pale Chuo Kikuu Mzumbe, chini ya Milima ya Uluguru, mahali palipoanza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa na ambapo leo fani zote mbili zinafundishwa.

Njia zinaachana mhasibu anapojisajili kwa mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mitihani hufanyika Mei na Novemba. Wengi huisomea usiku wakitoka kazini, wakirudia somo moja hata mara tatu. Anayefaulu na kupata CPA, cheti cha bodi hiyo, anaondoka nayo popote aendako: benki, kampuni ya ukaguzi, shirika la umma. Na chumba cha mtihani hakiulizi baba yako ni nani. Kwa mtoto wa mkulima asiye na mjomba mjini, hilo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya mshahara. Mtoto wa namna hiyo akipenda hesabu, namwelekeza uhasibu bila kusita.

Lakini mzazi aujue na uzito wake. Mhasibu anaishi kwa sahihi yake. Mkubwa anapita mlangoni na kusema, "Lipa kwanza, viambatisho vitafuata," kisha viambatisho havifuati. Masurufu ya safari yanakaa miezi bila kurejeshwa. Siku mkaguzi anapofungua vocha, anayeitwa kujibu hoja ni aliyesaini, na yule mkubwa pengine ameshahamishiwa mkoa mwingine. Nimewafahamu wahasibu waadilifu waliokosa usingizi kwa malipo ambayo hawakuyataka tangu mwanzo. Kijana asiyeweza kumwambia mkubwa wake "hapana" kwa adabu, CPA haitamsaidia.

Afisa tawala naye ana uzito wake, ila hauonekani kwenye vitabu vya hesabu. Anajua jalada la nani lina upungufu, nani amepitwa na kupandishwa daraja, nani ana ugomvi na mkuu wake wa idara. Kazi hii ikifanywa ovyo, mtumishi aliyefundisha au kuuguza watu maisha yake yote anastaafu, barua yake ya kuthibitishwa kazini haionekani, na mafao yanakwama. Mzee wa watu anaanza kupanda basi kwenda makao makuu kuulizia haki yake. Ofisi iliyomfikisha hapo haina sababu ya kuita utawala kazi ndogo.

Tunakowaonea zaidi maofisa hawa ni kwenye kampuni binafsi. Mtu mmoja anapokea wageni, anaagiza maji ya kunywa, anapanga magari na kuandika mikataba, halafu analipwa chini ya mhasibu wa meza ya pili. Kampuni hiyohiyo ikimfukuza mfanyakazi bila kufuata utaratibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inajikuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ikidaiwa fidia ya mishahara ya miezi mingi. Afisa tawala anayeijua sheria hiyo vizuri anaokoa fedha nyingi kuliko anazolipwa. Kwa kijana wa utawala, kwenye kampuni binafsi ndiko kwa kupandia, kwa sababu vyeo vya juu serikalini, kama ukatibu tawala wa mkoa au ukurugenzi wa halmashauri, ni vya kuteuliwa. Hakuna mtihani wa Novemba unaokufikisha huko, na wengi wanaostahili hawafikiwi.

Mzazi mwenzangu, kabla kijana hajathibitisha chuo, mtafutie mhasibu mmoja na afisa tawala mmoja waliokaa kazini zaidi ya miaka kumi. Mkalishe nao, wamweleze mshahara wao wa leo, walivyoupata na kinachowanyima usingizi. Kisha mwache achague mwenyewe, nawe umlipie ada ya alichokichagua.