Damu Yake Haikuwa na Kasoro

Mwaka 1975, nchini Ufini, dawa mpya ya ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, kwa jina klozapini, ilianza kuwaua wagonjwa. Madaktari walikuwa wameipokea kwa furaha, kwa kuwa haikuwakakamaza watu viungo kama dawa zilizotangulia. Ghafla wagonjwa wakaanza kushikwa na homa na vidonda vya koo, na damu yao ilipopimwa, neutrofili, yaani zile chembechembe nyeupe ambazo ndizo askari wa mwili dhidi ya bakteria, zilikuwa karibu zimekwisha. Wanane walifariki, na katika nchi nyingi dawa ikaondolewa sokoni.

Ilirudi kwa sababu hapakuwa na ya kufanana nayo. Mwaka 1988 daktari John Kane wa Marekani na wenzake waliwapa klozapini wagonjwa ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Katika kila 100, 30 walipata nafuu. Kati ya waliopewa klopromazini, mojawapo ya dawa za zamani, walipata nafuu 4 tu katika kila 100. Mwaka uliofuata Marekani iliiidhinisha, kwa sharti kwamba mgonjwa apimwe damu kila wiki. Sharti hilo lilikuwa la haki, na limeokoa maisha ya wengi.

Kosa lilikuwa katika kuamua kiwango kipi cha damu ni cha kawaida. Kabla ya 2015, kanuni ya Marekani ilitaka mgonjwa awe na neutrofili zisizopungua 2,000 katika kila mikrolita ya damu ndipo aanzishiwe dawa. Kiwango hicho kilitokana zaidi na damu za watu wenye asili ya Ulaya.

Tuseme kijana mweusi wa Chicago anasikia sauti zinazomwamuru ajidhuru. Ameshajaribishwa dawa mbili, hazikufua dafu. Anatolewa damu, na karatasi ya majibu inarudi na neutrofili 1,400, pembeni pameandikwa herufi ya kuonyesha kwamba ziko chini. Hana homa wala kidonda, na tangu utotoni hajaugua kuliko watoto wenzake. Lakini karatasi imeshasema, basi daktari anafunga faili na kumrudisha kwenye dawa zilezile zilizoshindwa. Mama yake anaambiwa kwamba damu ya mwanawe ina kasoro.

Haikuwa na kasoro yoyote. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na David Reich walionyesha chanzo cha neutrofili kuwa chache hivyo: badiliko dogo katika jeni iitwayo Duffy. Karibu watu wote kusini mwa Sahara wanalo, na theluthi mbili hivi ya Wamarekani weusi. Mwenye badiliko hilo ana neutrofili chache zinazozunguka kwenye damu, ila uboho wake unazitengeneza vizuri na maambukizi hayamsumbui kuliko wengine. Zaidi ya hapo, ni urithi wenye faida, kwani humkinga na malaria ya aina ya vivax, ambayo vimelea vyake huitumia protini ya Duffy kuingilia kwenye chembe nyekundu.

Nasikitika kila nikiifikiria hesabu hii. Mwili uliojengwa na maelfu ya miaka ya kupambana na malaria uliandikwa kuwa mgonjwa, na kwa sababu hiyo mwenye mwili akanyimwa dawa bora kuliko zote kwa ugonjwa aliokuwa nao kweli. Uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali katika jimbo la Maryland, uliochapishwa 2007, ulikuta kwamba wagonjwa weusi waliachishwa klozapini kwa ajili ya damu mara nyingi kuliko weupe. Kati ya wagonjwa hao weusi, hakuna hata mmoja aliyepata madhara yale ya Ufini. Mwaka 2015 Marekani ilirekebisha kanuni: mwenye hali hii ya urithi anaweza kuanza akiwa na neutrofili 1,000.

Damu ni upande mmoja tu. Ini nalo lina yake. Haloperidoli na risperidoni, ambazo huandikwa sana kwetu, huvunjwa kwa sehemu na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6, na jeni yake haifanani kwa watu wote. Nchini Ethiopia, utafiti wa 1996 uliwakuta watu 29 katika kila 100 wakiwa na nakala za ziada za jeni hiyo. Kwao dawa inaweza kuisha mwilini upesi. Tanzania na Zimbabwe kuna aina nyingine ya jeni hiyo iliyoenea, ambayo huifanya dawa ivunjwe polepole. Dozi ileile inaweza kumpita mmoja bila kumgusa, na kulundikana kwa mwenzake.

Ndugu wa mgonjwa wanajua hali inavyokuwa dawa ikimzidi mtu. Shingo inapinda upande mmoja, macho yanapanda juu na kukwama huko, ulimi unakuwa mzito hata mate hayamezeki. Nyumbani wanasema majini yamechachamaa, na vidonge vinatupwa chooni. Hali hiyo inaweza kumpata kijana yeyote aliyeanza haloperidoli, hata mwenye jeni za kawaida, na mara nyingi sindano moja hospitalini huiondoa ndani ya saa moja.

Kwa hiyo, wewe unayemuuguza ndugu yako, ukiona hayo usitupe dawa na usimsubirie kesho. Mpeleke hospitali na pakiti yenyewe mkononi, ueleze ni dozi gani na alianza lini, na kama kuna ndugu mwingine aliyewahi kudhurika na dawa hiyo, mtaje. Nawe daktari, ukiletewa majibu ya neutrofili 1,200 za mtu asiye na homa wala kidonda, mpime tena siku nyingine na utafute vipimo vyake vya zamani kabla hujamwambia mama yake kwamba dawa hiyo haimfai.