Nguo ya Ndani na Haki ya Mwenye Maumivu

Suala limeletwa katika darasa letu na mmoja wa madereva wanaopeleka malori kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba. Limetoka kwa mama mmoja Mwislamu, mfanya biashara wa Busia. Mama huyo alimwambia mke wa dereva, na mke akamwambia mumewe, hata likatufikia sisi likiwa limekwisha kupita midomo mitatu. Urefu wa njia hiyo nao ni sehemu ya suala lenyewe, kwa vile kila aliyelichukua alilichukua kwa kuinamisha macho.

Mama huyo aliugua mkanda wa jeshi. Malengelenge yalikauka na ngozi ikapona, walakini maumivu hayakuondoka. Huu ni mwaka wa pili, na kiuno na ubavu wa kushoto vyamchoma usiku na mchana. Akivaa nguo ya ndani yenye mpira, pale mpira unapokaa pawaka kama pametiwa kaa la moto. Akiacha kuivaa aona haya, na wenziwe wamemwambia kuwa Sala yake haisihi pasipo nguo hiyo, na kwamba mtu mwema husubiri. Basi auliza mambo mawili. La kwanza, je, Sala yake ni sahihi? La pili, je, kutafuta nguo isiyomuumiza ni upungufu wa subira?

Huenda msomaji wetu wa pwani akacheka, au akaona kuwa gazeti la dini si mahali pa kutaja nguo za ndani. Twamwomba angoje kidogo.

Busia na Malaba ni milango miwili ya nchi ya Kenya kuelekea Uganda. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na dereva wa lori huenda masafa hayo kwa makalio yake, siku baada ya siku, na afikapo mpakani hukuta foleni ya malori ambayo mara nyingine hushika kilomita nyingi. Wengi wa madereva hao ni watoto wetu. Mipaka hiyo ndiko ilikozaliwa kazi ya boda boda katika miaka ya 1960, watu walipokuwa wakichukuliwa kwa baiskeli kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, na mpaka leo vijana wa huko hushinda juu ya viti vyembamba vya baiskeli na pikipiki. Wanawake huuza bidhaa zao wakiwa wamekaa chini, au husimama juani tangu alfajiri mpaka magharibi. Tena nchi zile za pande mbili za mpaka zina watu wengi wenye damu ya selimundu. Uchunguzi wa watoto wachanga nchini Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kuwa kiasi cha watoto 13 katika kila 100 wana chembe ya maradhi hayo kutoka kwa mzazi mmoja. Wale walioirithi kwa wazazi wote wawili hupatwa na maumivu ya mifupa yasiyo na miadi, nao huonywa na waganga wasivae nguo ya kubana, maana nguo ya kubana huizuia damu ambayo tangu hapo yapita kwa shida.

Kwa hivyo bawasiri, maumivu ya mgongo, selimundu, na moto ule unaobaki baada ya mkanda wa jeshi, yote ni maradhi ya watu wa njia ile. Na yote yana sifa moja: mtu akivaa nguo zake akatoka nje, hayaonekani. Mwenye mguu uliovunjika hupewa kiti. Huyu haoni mtu wa kumpisha, naye amevaa adhabu yake ndani ya kanzu au buibui.

Mkanda wa jeshi ni mfano ulio wazi kuliko yote. Waganga wameeleza kuwa ugonjwa huu hutokana na kirusi kile kile cha tetekuwanga, ambacho hukaa kimejificha ndani ya mishipa ya fahamu kwa miaka mingi, kisha huamka mwili unapodhoofika au umri unapokuwa mkubwa. Malengelenge yakisha kupona, mshipa ulioharibika huweza kubaki ukipeleka habari za uongo: nguo imegusa ngozi, nao wasema moto umegusa. Wako ambao hata shuka ya kitandani hawaistahimili. Ziko dawa za kutuliza mishipa hiyo, na awezaye kufika hospitali ni wajibu wake aende. Lakini dawa hupunguza tu, na mtu atavaa nguo kila siku ya maisha yake.

Sasa tuitazame haya. Haya ni katika imani, hilo hatubishani. Ila haya ina kazi yake, nayo ni kuufunika mwili na kuulinda ulimi na maneno machafu. Haikuwekwa ili mgonjwa asiseme anapoumwa. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Na sahaba Imran bin Husayn alikuwa na bawasiri, akamwendea Mtume (S.A.W.) akamuuliza asali vipi. Imam Bukhari ameipokea habari hiyo. Jawabu alilopewa ndilo tunalolisomesha watoto wetu katika kila chuo: asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Tazama, ndugu msomaji! Hukumu ya Sala ya kila mgonjwa imetufikia kwa mlango wa suala ambalo leo mtu wa mji wetu angelilificha kwa mkewe. Lau Imran angeliona haya ya namna yetu, je, tungeliipokea kwa nani?

Na Imam Shafi'i, ambaye sote huku pwani twafuata madhehebu yake, aliugua bawasiri kwa miaka ya mwisho ya uhai wake huko Misri, mpaka alipofariki mwaka 204 Hijria. Wanafunzi wake wamehadithia kuwa huenda alipanda mnyama na damu ikamtoka hata ikajaa katika suruali yake na viatu vyake. Wameyaeleza hayo bila ya kuficha, wala heshima ya Imam haikupungua kwa lolote. Sisi ndio tuliogeuza maradhi ya sehemu hizo kuwa aibu.

Tukija kwenye nguo yenyewe, twakuta kuwa dini imelisema jambo hili kwa uwazi kuliko tunavyodhani. Hariri ni haramu kwa wanaume. Walakini Abdurrahman bin Auf na Zubair bin al-Awwam walipopatwa na upele wa kuwasha, Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu kuvaa kanzu za hariri, na habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas. Wako wanavyuoni waliosema kuwa ruhusa ile ilikuwa ya masahaba wale wawili tu, lakini Imam Nawawi na wenziwe katika madhehebu yetu wamesahihisha kuwa ni ya kila mwenye haja kama ile. Basi fikiri: vazi lililoharimishwa limehalalishwa kwa sababu ya ngozi inayowasha. Ikiwa haramu imefunguliwa mlango kwa muwasho, vipi tutamfungia mama wa Busia mlango wa jambo la halali, ambalo ni kitambaa laini kisicho na mpira?

Tena iko habari ya Ammar bin Yasir, aliyeonekana akisali naye amevaa tubbani, yaani suruali fupi ya kusitiri uchi ambayo mabaharia walikuwa wakiivaa. Akaeleza kuwa yeye ana maradhi ya kibofu. Wanavyuoni wa lugha wameihifadhi habari hiyo wakifasiri neno alilolitumia kuutaja ugonjwa wake. Sahaba mkubwa amechagua nguo yake ya ndani kwa ajili ya maumivu, akasimama nayo mbele ya Mola wake, na alipoulizwa akataja sababu kwa neno moja.

Katika habari hizi mna jambo ambalo twapenda msomaji alizingatie zaidi kuliko ruhusa zenyewe. Abdurrahman na Zubair walishitakia muwasho, nao wakaaminiwa. Hatukupokea kuwa waliambiwa walete shahidi, wala kuwa mtu aliwaambia kwamba wengine wana upele na wamenyamaza. Maumivu hayana shahidi ila mwenyewe. Ndiyo maana mafakihi wetu, walipozungumza juu ya mgonjwa anayeogopa maji akataka kutayamamu, walikubali maneno ya tabibu mwaminifu na wakakubali pia ujuzi wa mgonjwa mwenyewe akiwa mjuzi. Amwambiaye mwenye maumivu kuwa si kitu, amedai kuujua mwili asiokaa ndani yake. Hilo ni jambo zito, na walio wepesi wa kulisema ni wale waliolala vyema usiku.

Ama subira, mahali pake ni pale juhudi inapokoma. Mwenye kiu aliye karibu na kisima hasifiwi kwa kutokunywa. Mama huyu akisha kutumia dawa, akashona nguo ya kumfaa, na maumivu yakabaki, hapo ndipo subira inapoanza, na hapo ana malipo makubwa kwa Mola wake. Lakini kuongeza mpira juu ya kidonda kisha kuita subira ni kujidhuru, na kujidhuru kumekatazwa.

Pana tatizo jingine ambalo ni la soko. Busia na Malaba zimejaa mitumba, ile ambayo wazee wetu waliiita kafa Ulaya. Mwenye ngozi ya maumivu huipenda nguo ya ndani ya mtumba kwa sababu ni pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, imelainika, na mpira wake umelegea, hali ile mpya ya bei rahisi ni nailoni inayonata kwa joto na mshono wake wakwaruza. Lakini Shirika la Viwango la Kenya, kwa mujibu wa kiwango cha Afrika Mashariki, limekataza kuuza nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, na likalikumbusha katazo hilo mwaka 2023. Nasi kwa upande wa fikihi twajua kuwa asili ya nguo ni utohara hata kama haikuwa ya Mwislamu, ila Imam Shafi'i alichukizwa zaidi na suruali na kila nguo inayogusana na sehemu za chini. Katazo la serikali basi limekutana na karaha ya Imam, na mfanya biashara Mwislamu asiuze nguo hizo kwa kificho akidai kuwa awahurumia wagonjwa.

Hata hivyo kukataza peke yake ni nusu ya kazi. Ukimnyang'anya maskini nguo laini chafu, umeachia mwili wake nailoni. Na ajabu ni kuwa nchi ile ya Busia ni nchi ya pamba, Wasamia na Wateso wameilima tangu zama za ukoloni, na leo mwanamke wa huko hapati chupi ya pamba kwa bei anayoiweza. Kisa cha kuanguka kwa viwanda vyetu vya nguo ni kirefu, na leo si siku yake.

Dawa iko kwa fundi cherehani. Shuka za pamba na mashati ya pamba ya mtumba hayamo katika katazo hilo, na leso iliyochakaa i katika kila nyumba. Kitambaa hicho kichemshwe, kisuuzwe mpaka povu la sabuni liishe, kwani sabuni iliyobaki huchoma. Kisha kikatwe kwa upana, kuliko kipimo cha mwili. Mshono uwekwe upande wa nje, usiguse ngozi. Mahali pa mpira pawe na utepe mpana wa kitambaa hicho hicho, wa kufunga na kulegeza, na fundo lake liwe upande usiouma. Asiyeweza kuvumilia chochote kiunoni avae shimizi ndefu inayoning'inia mabegani. Mwanamume avae kikoi laini ndani ya kanzu au suruali pana. Dereva aliye na bawasiri achukue nguo mbili tatu za kubadilisha, maana jasho la safari ni adui mwingine. Metro moja na nusu ya kitambaa yatosha mbili, na fundi humaliza kabla ya adhuhuri. Tumesikia watu wakitoa sadaka ya mikeka na feni za msikiti, nayo ni sadaka njema. Hatujasikia aliyetoa robota la nguo laini za ndani kwa wagonjwa. Wanawake wa darasa letu wamekubali kuanza, na dereva aliyeleta suala atachukua mzigo wa kwanza. Mwana ambaye mama yake ana maradhi haya asingoje kuambiwa. Amtume mkewe au dada yake aulize, na pesa atoe yeye.

Yabaki kumjibu mama huyo juu ya Sala yake. Nguo ya ndani si sharti la Sala. Sharti ni kusitiri, na kwa mwanamke ni mwili wote isipokuwa uso na viganja vya mikono, kwa nguo isiyoonesha rangi ya ngozi. Katika madhehebu yetu sitara hutazamwa kutoka juu na pande zote, wala haitazamwi kutoka chini. Akivaa kanzu pana nzito na ukaya au leso mbili, Sala yake ni sahihi bila ya shaka. Na wale wenye kutokwa na damu au mkojo wasioweza kuuzuia, ambao mafakihi wamewataka wajifunge kitambaa kabla ya Sala, Imam Nawawi ameeleza kuwa ikiwa kufunga huko kwawaumiza na kuwachoma, hakuwalazimu. Watie udhu baada ya kuingia wakati, na wasali.

Sala alizokwisha kusali mama huyu bila ya nguo ya ndani hana haja ya kuzilipa. Zile alizoziacha kwa kuambiwa kuwa hazisihi, azilipe kidogo kidogo kwa kadiri ya nguvu zake, na akae kitako ikiwa kusimama kwamuumiza.