Maji ya Karo na Hesabu Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya.

Ndugu zetu Waislamu, watu wengi hudhani kuwa dini hukaa msikitini na chuoni, na kwamba jikoni hapana amri wala katazo ila katika uhalali wa nyama. Dhana hii ni ya makosa. Pale penye karo ya vyombo twatumia neema za Mungu mara nyingi kila siku, na penye neema ndipo penye hesabu.

Vijana wetu wengi wa pwani leo wako Nairobi kwa kazi na masomo, na baadhi yao wana makazi katika mitaa ya mashariki kama Komarock. Atakaye kutengeneza jiko huko hushughulika na uzuri wake: karo iwe ya bati lisiloshika kutu au ya jiwe, iwe na bakuli moja au mawili, na ukuta wa nyuma yake uwekwe vigae vya rangi gani. Hayo si haramu. Kigae chafutika mafuta upesi, na usafi ni katika dini. Lakini mtu atatumia mwezi mzima kuchagua kigae, wala asifikiri hata kidogo juu ya maji yatakayopita mbele yake. Hapo ndipo tulipo na neno.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70. Juu ya ukubwa huo, ukame ulipolipunguza, mji uligawiwa maji kwa zamu tangu Januari 2017. Siku mfereji unapokauka, mwenye tangi hufungua tangi lake, na asiye nalo hungoja mkokoteni wa madumu na hununua dumu kwa dumu. Basi huyu amwaga maji na jirani yake ayahesabu kwa vikombe, na baina yao ni ukuta mmoja.

Huenda mtu akasema: "Maji nimeyalipia, nani atanihukumu?" Twamjibu: ulicholipia ni kazi ya kuyasafisha na kuyaleta. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Na Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-A'raf aya ya 31, alipotuhalalishia kula na kunywa alitukataza israfu papo hapo. Bwana Mtume mwenyewe alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo kwa hesabu ya wanazuoni wetu wa Kishafi haifiki lita moja. Ikiwa ibada ilitoshelezwa na kadiri hiyo, kikombe cha chai kina udhuru gani?

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni la watu wa Nairobi tu. Maji machafu ya sehemu kubwa ya mji ule huteremka kwa mabomba hadi mabwawa ya Ruai, mashariki ya Komarock, na yakisha kusafishwa huingia Mto Nairobi. Mto huo huingia Athi, na Athi ndiyo Galana, na Galana ndiyo Sabaki inayomwagika baharini karibu na Malindi. Kando ya Sabaki ndipo vilipo visima vya Baricho, vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Kijana aoshaye sahani Komarock na mama yake ajazaye mtungi Malindi wamo katika njia moja ya maji. Mtume ametupigia mfano wa watu waliomo chomboni, wa chini wakataka kutoboa fungu lao ili wapate maji bila ya kuwaudhi wa juu. Wakiachwa, wote huangamia. Mwana wa pwani hahitaji kufasiriwa mfano huo.

Basi yatupasa kufanya haya. Kwanza, sahani isafishwe kwa kuliwa. Mtume ameamrisha tusiache mabaki, kwani hatujui baraka imo katika fungu lipi la chakula. Na sahani isiyo na mabaki yatosheka na maji machache.

Pili, tukinge maji katika mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia, na mfereji ufungwe. Wako wenye wasiwasi wasemao kuwa chombo hakitahiriki ila kwa maji yatiririkayo muda mrefu. Hawa wamechanganya uchafu na najisi. Sufuria yenye mchuzi ni chafu, si najisi. Ikiondoka harufu na utelezi imekwisha. Kuosha mara saba ni kwa chombo kilicholambwa na mbwa, wala sheria haikuuweka mchuzi wa nazi katika hukumu hiyo.

Tatu, mafuta yasimwagwe katika karo. Yakipoa huganda ndani ya bomba, na maji machafu yakizibwa hufurikia mlango wa jirani. Tuyafute kwa karatasi kabla ya kuosha.

Nne, na hili ni la wanaume: tutazame ni mikono ya nani iliyomo katika sabuni kila usiku. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wake mpaka iingiapo Sala. Mwanamume aliyeosha sahani yake mwenyewe hakupungukiwa na heshima. Amefuata Sunna, na atajua thamani ya maji, kwa sababu ameyashika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kushukuru neema kabla haijaondoka, na atuepushe na madai ya jirani Siku ya Kiyama. Amin.