Safari: Neno Lililovuka Bahari

Neno "safari" lilitoka Kiarabu, ambako safar ni mwendo wa mbali, likakaa katika Kiswahili kabla ya Kiingereza kulichukua. Richard Burton, aliyezunguka Afrika Mashariki kati ya 1857 na 1859, alilitumia katika maandishi yake. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipokuja kuwinda, magazeti ya Marekani yalilieneza. Huko ng'ambo maana ikabanwa: safari ikawa kuwinda, kisha kutazama wanyama tu. Lakini Nanighi, kando ya Mto Tana nchini Kenya, maana ya kwanza ingali hai. Anayepanda gari kwenda Garsen kumwona mgonjwa yuko safarini, hata asipomwona twiga njiani. Hiyo ndiyo maana pana zaidi, na ndiyo bora.

"Jenga" nalo lilivuka. Leslie Scott, mzaliwa wa Tanganyika, aliupa jina hilo mchezo wake wa vipande vya mbao alioutoa London mwaka 1983. Kwa Mwingereza ni jina la mchezo. Kwa Mswahili ni amri.

Kiswahili pia huchukua, na huchukua kwa sarufi yake. Mzunguko wa barabara, penye kibao cha Kiingereza cha "keep left", yaani kaa kushoto, uliitwa kiplefti. Silabi ya mwanzo ikasikika kama ki- ya kitabu, na wingi ukawa viplefti. Madigadi ya baiskeli, yaani "mudguard" ya Kiingereza, yalisikika kuwa mengi tangu mwanzo kwa sababu ya ma- yake, kwa hiyo moja likaitwa digadi.